Amplifaya Mpya Inakula Noti

Jaduong',

Mzee wangu, ni mimi Mwita. Nimekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yako hapa Mbita, asubuhi, na ninaandikia juu ya amplifaya mpya kwa sababu meza Mama, mkeo, ameijaza maharagwe anayochagua mawe. Naandika Kiswahili, lugha iliyotukutanisha wewe Mjaluo na mimi Mkuria. Kijaluo changu hadi leo ni cha kuomba maji na kusalimia.

Habari ya kwanza ni kwamba amplifaya yako kuukuu imekufa. Haikumaliza miezi miwili baada ya kukuzika. Tulikuwa mazoezini Migori, kwenye kile chumba nyuma ya kinu cha unga, ikatoa moshi mwembamba, ikakoroma, ikanyamaza. Fundi aliifungua, akatazama karatasi ya spika uliyoishona kwa uzi na kuipaka gundi mara tatu, akaniuliza ni nani aliyekuwa akiitibu. Nilimwambia ni mganga wa Mbita. Alicheka, lakini hakuweza kuifufua.

Basi tulichanga, tukanunua mpya Homa Bay kwa Bwana Salim, yule mwenye duka la vifaa vya umeme. Nikuelezee ilivyo, maana najua ungeuliza kabla hata ya kuuliza habari za watoto. Ni nyeusi, ndogo, nyepesi. Otieno wa besi huibeba kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika muwa. Ina vitufe sita vya kuzungusha, na tundu moja tu la waya wa gita. Moja, Jaduong'. Pembeni kuna kitundu kingine kidogo cha kuchomeka simu. Ukiiwasha haisemi kitu. Ile yako ukiiwasha ilinguruma hadi jirani akajua umeamka, na friji ya baa ikianza kazi nayo ilijibu. Hii mpya siku ya kwanza nilikagua plagi mara tatu nikidhani haijapata umeme.

Halafu nikagusa uzi. Sauti ilitoka safi, inalia wazi kama kijiko kikigonga glasi. Nyuzi nene hazivimbi. Mwangwi unaweza kuuongeza hadi ukadhani unapigia ndani ya kanisa tupu. Kucha ikikwaruza uzi inasikika, kidole kikiteleza kinasikika, na nikivuta pumzi karibu na gita naogopa hiyo pia itasikika. Nilisema ni nzuri kwa sababu tulikuwa tumeshainunua. Moyoni sikuipenda. Ile kuukuu ilikuwa kama sufuria ya mchuzi: chochote ulichotia ndani kilitoka na ladha moja, na kama umekosea chumvi hakuna aliyejua ni nani.

Kabla sijaendelea nina jambo la kukiri. Nimelizunguka wiki kadhaa.

Unakumbuka mchana ule uliponijia chumbani Migori, ukaweka mkono wako wa kushoto juu ya meza, ukaniambia nifinye vidole viwili vya mwisho. Nilifinya. Ukasema, "Finya kweli." Nilikuwa nimefinya kweli. Hukuhisi. Ulinieleza kwa sauti ile yako ya kueleza bei ya nyuzi kwamba ulikuwa umeanguka kidogo bafuni, kwamba daktari alitaja kiharusi, kwamba mdomo ulirudi sawa lakini vidole viwili vilibaki huko huko. Ukasema tutachomeka gita zetu mbili kwenye amplifaya ile ile, tundu kwa tundu, nami nikae nyuma yako kwenye kiti, nipige solo. Wewe utasimama mbele na kuimba. "Spika ni moja. Nani atajua ni mkono wa nani?" Ukaniapisha nisimwambie mtu, hata Mama.

Tulifanya hivyo mwaka mzima. Bendi ilidhani ninakufuata tu kama kawaida. Nami kutoka nyuma niliona mgongo wako na kiwiko kikitikisika, nikasema kimoyomoyo, mzee anajua kuigiza.

Na watu walikusifu. Najua hujawahi kuhesabu sifa, lakini mimi nilizisikia zote. Lile jambo lenu la pakruok, mtu kusimamisha muziki, kushika kipaza sauti, kujisifu yeye na kwao, kisha kumsifu mpigaji, kwetu Kehancha hatuna, na mwanzoni lilinichekesha. Mwaka ule liliniuma. Mtu alisimama akasema hakuna vidole kama vyako kuanzia Sori hadi Kendu Bay, nami nyuma pale vidole vyangu vilikuwa vinawaka moto. Mcheza kwao hutunzwa, husema Waswahili. Mimi nilicheza kwenu, nikatazama ukitunzwa.

Nilivumilia ulipokuwa hai. Ulipokufa sikuvumilia hata wiki sita. Tulikuwa tumekutana mazoezini mara ya kwanza baada ya mazishi, na Otieno akasema bila mzee sisi ni kwaya ya shule ya msingi. Hakukusudia ubaya. Mimi nikasema, "Mwaka mzima mmekuwa mkinisikia mimi. Mzee alikuwa ameshika mti tu." Nikaeleza vidole, nikaeleza matundu mawili, nikaeleza yote. Ulimi hauna mfupa. Mpiga ngoma alianza kukaza ngoma ambayo haikuwa imelegea. Na wewe unamjua Otieno, kwao ni Rusinga, na neno likishafika Rusinga limeshavuka daraja na kufika Mbita. Mama alilisikia.

Kwa hiyo amplifaya ilipokuja nilikuwa na haraka nayo. Nilitaka watu wasikie mkono wangu peke yake, bila mgongo wa mtu mbele. Mama alikuwa ametuita tupige kwenye rapar yako, siku ya kukukumbuka, na nilikuwa nimeamua kwamba siku hiyo, mbele ya ukoo wako wote, nitapiga ule wimbo uliomtungia Mama, na kila mwenye masikio atajua ulikuwa wa nani kwa vidole.

Onyesho la kwanza lilikuwa Ogwedhi, siku ya soko la mifugo. Watu walikuwa wameuza ng'ombe wao na walikuwa na furaha. Tulipiga wimbo wa Mama. Nilipiga vile vile nilivyopiga mwaka mzima, sikubadilisha kitu. Lakini kila tulipofika pale unapoita na gita linajibu, wachezaji walipunguza miguu. Si kwamba waliacha. Walipunguza tu, kama mtu aliyekanyaga ngazi akakuta haipo, kisha wakaendelea. Mara ya pili pale pale. Mara ya tatu nilisikia mwenyewe: palikuwa na shimo. Noti mbili tatu ambazo nilizijua, ambazo nilizisikia mwaka mzima zikitoka kwenye spika, hazikutoka.

Nikasema amplifaya hii inakula noti.

Nikaanza kuitafuta kasoro. Nilibadilisha waya. Nilibadilisha nyuzi. Nililaumu umeme wa Migori, nikapiga kwa jenereta, nikalaumu jenereta. Nilizungusha vile vitufe sita kwa namna zote hadi Otieno akaniuliza kama natafuta stesheni. Mashimo yalibaki pale pale, na hakuna shimo jipya lililoongezeka, jambo ambalo mtu mwenye akili angelifikiria.

Nikapanda nayo pikipiki mpaka Homa Bay, nimeipakata kama mtoto mgonjwa. Bwana Salim aliitazama, akanitazama. Unamjua yule, Kiswahili chake kimepigwa pasi. "Kijana wangu," akasema, "mashine haina tumbo, noti itazilaje?" Alichukua gita langu, na hajui kupiga hata wimbo wa watoto, akavuta uzi mmoja mmoja, kipande kwa kipande cha shingo, juu hadi chini. Kila noti ilitoka. Akanirudishia gita akasema, "Mimi nauza spika. Vidole siuzi." Nilikasirika sana. Nilidhani analinda mali yake isirudishwe.

Siku mbili kabla ya rapar nilifika hapa Mbita na vyombo. Mama alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililonitesa. Alinipa uji, akaniuliza habari za tumbaku ya baba yangu, hakusema neno juu ya yale niliyoyasema Migori. Nilichomeka amplifaya pale barazani kuijaribu, naye akakaa na ungo wake wa maharagwe. Nikapiga wimbo wake, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilitaka ashangae.

Alichagua mawe mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mwita wuoda, mwanangu, sasa ile ingine iko wapi?"

Nikamuuliza ingine ipi.

"Ile ya kujibu. Hii umepiga ni ya kuita peke yake." Na Jaduong', huyu mama ambaye katika miaka yote hajawahi kushika gita hata kulihamisha kitini, akaimba noti tatu kwa mdomo uliofungwa. Mm, mm, mm. Zilikaa katikati ya lile shimo, hazikugusa kingo.

Nilimwambia kwamba hiyo naipiga, ila mashine hii inaikula. Hakubishana. Alisema kila asubuhi mwaka ule wa mwisho ulikuwa unaamka kabla ya kuku, unakaa jikoni bila umeme, unapiga hizo tu. Hizo tatu, halafu zile mbili za ubeti wa pili, halafu zile za mwisho. Si wimbo, vipande tu, tena kwa vidole viwili vilivyobaki vizima. "Nilifikiria ameanza wazimu," akasema. "Nikamuuliza, mbona hupigi wimbo wote? Akaniambia, wimbo wote Mwita ako nao. Hizi ndizo anaangusha."

Nikamwambia, "Basi ulijua kuhusu vidole."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Nani alikuwa anamfunga vifungo vya shati?"

Siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe na mimi tulikuwa tumejificha mwaka mzima kwa mtu aliyekuvalisha kila asubuhi.

Bado sikutaka kuamini, Jaduong'. Nisamehe. Nilimpigia Otieno simu aniletee alichorekodi kwa simu yake mara ya mwisho tulipopiga pamoja nawe. Alipofika nikachomeka simu yake kwenye kile kitundu kidogo. Nikaisikia ile amplifaya yako ikinguruma ndani ya hii mpya, na sauti yako juu yake, na watu. Mpya haifichi kitu, hata cha wengine. Nilifunga macho nikajifuata mwenyewe. Nilimsikia Mwita akija mbio, anapiga kama mtu anayefukuza ng'ombe wasivuke mpaka, kama ulivyokuwa ukinisema. Nikamsikia akifika pale, akiruka noti tatu kwa haraka yake, akitua upande wa pili bila kujua ameruka kitu. Na katika nafasi ile nikakusikia wewe. Noti tatu, polepole, vidole viwili, hazina haraka yoyote. Ubeti wa pili, vile vile. Mwisho, vile vile. Hukukosa hata mara moja.

Kile kiwiko hakikuwa kinaigiza.

Nililia, nakuambia bila aibu. Otieno alitoka nje kutazama ziwa ambalo amelitazama tangu azaliwe. Nilichowaza si kwamba mimi ni mpigaji mbaya, maana hilo lingekuwa jepesi. Niliwaza kwamba ulijua mahali ninapoanguka, ukanyamaza usinivunje moyo, ukaenda kujifunza kwa mkono mgonjwa kunidaka. Kisha ukaniacha niamini kwamba mimi ndiye niliyekudaka wewe. Na malipo yako nikakutangaza Migori kuwa ulishika mti.

Siku ya rapar watu walikuwa wengi. Ng'ombe alichinjwa, kwaya ya kanisa iliimba kwanza, mchungaji alihubiri kwa kiasi. Saa nane tukaitwa sisi. Niliweka amplifaya mbele, sauti safi, bila mwangwi. Mama alikaa kwenye hema, mstari wa kwanza, na dada zako. Tukaanza wimbo wake. Otieno aliimba sehemu yako. Tulipofika pale pa kwanza, kwenye shimo, nikainua mkono nikausimamisha muziki.

Hilo halifanywi, unajua. Anayesimamisha muziki ni msikilizaji, aje ajisifu. Mpigaji hajisimamishi. Otieno alidhani uzi umekatika. Nikachukua kipaza sauti nikaanza kama mnavyoanza, "An Mwita, wuod Kehancha," mimi Mwita, mwana wa Kehancha, na watu wakapiga makofi wakijua sasa Mkuria anajisifu. Halafu nikaendelea kwa Kiswahili. Nilisema kuna maneno niliyasema Migori na yamefika hapa, na kwamba ni ya uongo, ingawa nilipoyasema niliyaamini. Nilisema vidole vyako viwili vilikuwa vimekufa na nilikuwa nimeapa kulificha hilo, nikavunja kiapo. Nilisema noti walizozipenda katika wimbo huu, zile za kujibu, alizipiga mgonjwa kwa vidole viwili kwa sababu mzima wa vidole vinne alikuwa na haraka. Nilisema leo watasikia mashimo, na mashimo hayo ni yangu. Mtu mmoja nyuma alianza kunung'unika, na mzee mmoja wa ukoo wenu akasema, "Mwacheni amalize." Sikuwa na la zaidi. Nilikuwa nimemaliza.

Tukapiga wimbo hadi mwisho. Sikujaribu kuziba. Kila tulipofika pale niliinua mkono kutoka kwenye nyuzi, na amplifaya ikanyamaza kabisa kama inavyojua kunyamaza, na watu wakasikia mahali ulipokuwa. Hakuna aliyecheza. Hakuna aliyekaa pia.

Nilifikiri Mama hatataka kuniona. Baadaye aliniita nyuma ya jikoni, akanipa sahani ya nyama, akasimama mpaka nikala. Alisema, "Umechelewa kusema. Lakini umesema." Nikamwomba msamaha kwa lile neno la mti. Akasema lilimuuma, na kwamba hataki kunidanganya kuwa halikumuuma. Kisha akasema nisirudi Migori kesho yake, kuna kazi.

Ndiyo kazi tuliyo nayo tangu juzi. Asubuhi nachomeka amplifaya, sauti ndogo, tusiwaudhi majirani. Yeye anachagua maharagwe na kuimba kwa mdomo uliofungwa, mimi natafuta kwenye uzi. Nikikosea anatikisa kichwa, hainui hata macho. Nikipata noti lakini nimeiwahi, anasema "Ngoja." Hilo ndilo neno ninalolisikia zaidi. Ngoja. Nimegundua kwamba noti zenyewe si ngumu, hata mtoto angezipata. Kigumu ni kukaa bila kufanya kitu mpaka zifike. Na hii amplifaya, ambayo niliitukana hadi Homa Bay, ndiyo pekee inayonionyesha nimewahi kwa kiasi gani. Ile kuukuu ingenisamehe. Nimeanza kuipenda, nadhani. Nitaizoea.

Leo asubuhi nilizipata zile tatu za kwanza kama zilivyo. Nilijua kabla hajasema, kwa sababu alikuwa ameacha kuchagua mawe. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akakaa huko kitambo. Nilidhani nimemtonesha kidonda. Nilikuwa nimeshaanza kukunja waya alipotoka, uso umenawa, akakaa mahali pake akachukua ungo.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Nimerudia mpaka sasa, na ndiyo maana mwandiko huu unatetemeka, vidole vimechoka.

Oriti, kwaheri, Jaduong'. Nakuahidi nitakuwa nakuja hapa kila mwisho wa mwezi mpaka Mama aseme zimetosha, na mtu akinisifu kwa noti hizo nitausimamisha muziki nimwambie ni za nani. Wewe lala. Huna haja tena ya kuamka kabla ya kuku kuniokotea ninazoangusha. Nimeanza kuziokota mwenyewe, na sina haraka.

Mwanafunzi wako,
Mwita